Vitabu Vinavyonunuliwa kwa Rangi

Sehemu ya Tisa

"Kiko wapi?"

Mkono wa Bibi Aikande ulikuwa bado umemkamata Elirehema kifundo cha mkono, pale pale tulipowaacha, kwenye turubai lake la kuuzia vitabu vya mitumba kando ya barabara ya Nairobi, mtaani Sakina. Na usidhani ulikuwa mkono wa kizee. Ulikuwa mkono wa mtu aliyepalilia kahawa miaka hamsini.

"Kitabu gani, bibi? Hapa vitabu ni zaidi ya mia."

"Cheusi. Cha nyimbo za kanisani. Msalaba wake umefutika kwa vidole vya mume wangu. Mke wa mwanangu Fanuel ameniambia mwenyewe: Fanuel alikusanya vitabu vyote vya baba yake akamuuzia mama wa hapa Sakina mwenye turubai la bluu. Turubai la bluu ni hili. Mama ni wewe. Kiko wapi?"

Elirehema alikikumbuka.

Fanuel alikuja nacho ndani ya mifuko miwili ya salfeti, juu ya bodaboda, wala hakushuka kwenye pikipiki. "Chukua vyote, mama, sitaki kuviona." Kile cheusi kilikuwa juu kabisa. Na wewe uliyefuatana nasi unajua kilikoishia: kwa yule dada wa Kijenge mwenye kucha ndefu, anayenunua vitabu kwa rangi.

Ndiyo, kwa rangi. Usisugue macho, umesoma sawasawa.

"Nipe vyeusi na vya kahawia," alisema siku ile. "Vya bluu sitaki, vinapigana na makochi."

Elirehema ana desturi yake ya kazi. Kitabu hakiondoki kwenye turubai kabla hajakishika mgongo na kukikung'uta, kisha akafunua kurasa za mwanzo na za mwisho. Watu huficha mambo humo: picha, hati, barua za wasichana, hata nywele za mtoto. Miaka kumi na minne hakuwahi kuruka desturi hiyo. Siku ile aliiruka. Yule dada alimchefua hivi kwamba alitaka tu aondoke mbele ya macho yake. Akamjazia boksi kama mtu anayejaza viazi.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Nilikiuza. Sikukifungua."

Bibi Aikande akamwachia mkono. Akakaa chini, juu ya vitabu vya hesabu vya darasa la sita.

"Basi nimekwisha," akasema.

"Kulikuwa na nini ndani yake?"

"Neno la mume wangu. Siku tatu kabla hajafa aliniita. Akasema, Aikande, kwenye karatasi ya mbele ya kitabu cheusi nimeandika habari ya nyumba na shamba. Isomwe mbele ya ukoo. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, niliishia la pili. Nikasema nitangoja siku ya kikao. Na kikao ni leo, saa tisa."

"Leo hii?"

"Leo hii. Fanuel ndiye kitinda mimba wangu. Kwetu Meru nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba, hakuna anayeuliza. Wazee wakishamkabidhi leo, kesho anamkabidhi mnunuzi. Tangu wameanza kujenga uwanja wa mpira, watu wameingiwa wazimu wa viwanja. Huyo mnunuzi alikuja juzi, akapima kwa hatua. Akakanyaga kaburi la Abdiel na viatu vyake. Akaniuliza kama linahamishika."

Elirehema akachuchumaa mbele yake.

"Na wewe utakaa wapi, bibi?"

"Nimejengewa chumba uani kwa Fanuel, ubavuni mwa banda la kuku. Nimekwenda kukiona. Kuku wana dirisha. Mimi sina."

Elirehema akatema mate mtaroni. Alikuwa mama wa kistaarabu, mzee wa kanisa huko kwao, lakini alitema.

"Jambo moja silielewi," akasema. "Kwa nini hakukichoma hicho kitabu? Angekitia jikoni, habari ingeisha."

Bibi Aikande akacheka, kicheko kikavu kama ganda la mgomba.

"Fanuel achome kitabu cha nyimbo cha baba yake? Huyo akisikia radi anatubu! Kumnyang'anya mama yake nyumba, hilo analiweza. Kuchoma au kuchana kitabu cha Mungu, mkono utamkauka. Akaona auze, dhambi ihamie kwa mwingine."

Dhambi ilikuwa imehama kweli. Ilikuwa imehamia kwa Elirehema.

Saa yake ilisema saa sita kasoro.

"Bibi, rudi kwenu Kikwe sasa hivi. Wacheleweshe. Mimi nakwenda Kijenge."

"Niwacheleweshe na nini, mwanangu? Mimi mjane."

"Wewe ndiye mwenye jiko. Wazee wa kwenu wanafungua kikao kabla ya kula?"

Bibi akamtazama. Uso ukaanza kufunguka kidogo kidogo.

"Hawajawahi. Tangu enzi za babu zangu hawajawahi." Akainuka. "Nitawapikia loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando. Mahindi magumu ya mwaka jana. Na kuni nitatia mbichi."

* * *

Elirehema akaanza kufunika vitabu. Lakini siku ukiwa na haraka, ndiyo siku dunia nzima inapita kwako na upuuzi wake.

Akaja kijana mwenye kofia ya kampeni. "Mama, una kitabu cha mbinu za kubeti?"

"Sina. Ninacho cha kulima vitunguu."

"Vitunguu vinachelewa, mama."

Akaja binti wa chuo. Akainama, akapiga picha jalada la riwaya, akasimama.

"Hununui?"

"Hapana, mama. Mwalimu ametuambia tuisome. Nitaiambia simu inisomee, inipe maneno machache ya kujibia mtihani."

"Na simu ndiyo itakayovaa joho siku ya mahafali?"

Binti akacheka, akaenda zake.

Pembeni, babu mmoja aliyezoea kusoma vichwa vya magazeti bila kununua alikuwa anahutubia. Kuna nabii anauza maji ya kuponya kisukari kwenye chupa. Kuna mtu kajirekodi akimpigia magoti mkewe, sasa anatafutwa na makampuni ya matangazo. Kuna diwani kaahidi lami, kisha kaizindua kwa kukata utepe barabarani pasipo na lami. Wapita njia wakamcheka, wakamwongezea yao, wakaondoka wameshiba habari.

Elirehema alisikia yote hayo kila siku, na kila siku yalimchosha kwa namna ile ile. Watu wamejaa habari hadi masikioni, lakini ukimwambia mmoja akae na kurasa kumi, anakutazama kama umemwomba figo.

"Hanna!" akamwita jirani yake muuza karanga. "Nitazamie vitabu mpaka jioni. Na nikirudi nikakuta umechana hata kimoja kufungia karanga, tutafika mbali."

"Mama Irine, huoni kama nakusaidia?" Hanna akajibu. "Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Karatasi za vitabu zinapendwa. Watu wanasoma huku wanatafuna!"

"Hanna!"

"Haya, haya. Nenda, dada."

* * *

Kijenge, nyumba ya wageni wa kitalii. Ukuta mweupe, maua ya kukodi, mlinzi getini.

Yule dada, Brenda jina lake, alimpokea kwa simu mkononi kama kawaida.

"Mama wa vitabu! Njoo uone kazi yako ilivyopendeza. Wageni wote wanapiga picha hapa."

Ukutani, kuanzia sakafuni hadi darini, kulikuwa na vitabu. Vyeusi, vya kahawia, vyeusi, vya kahawia. Elirehema macho yakamtoka. Hajapata kuona vitabu vimeheshimiwa hivyo. Kwa dakika nzima akajuta kwamba alimdharau binti wa watu.

Akanyoosha mkono kuvuta kimoja.

Hakikuvutika.

Akavuta cha pili. Akagonga cha tatu kwa kidole. Ko, ko, ko. Mbao.

"Usivute, mama, vimegundishwa," Brenda akasema.

"Vimegundishwa na nini? Ndani yake kuko wapi?"

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya vitabu, mwanangu! Maneno!"

"Aaah, makaratasi. Yalikuwa mazito, rafu ikainama. Fundi akakata migongo kwa msumeno, tukagundisha migongo peke yake. Si unaona, hakuna tofauti!"

Msomaji, sijui kama umewahi kuingia machinjioni asubuhi ukakuta vichwa vya ng'ombe vimepangwa mstari. Elirehema alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akitumaini ataona kingine. Hakuona kingine. Na katikati ya ile mistari, kati ya kitabu cha sheria na cha uuguzi, aliuona: mgongo mweusi, na msalaba uliofutika kwa vidole.

"Makaratasi mlitupa wapi?"

"Muulize mlinzi, ndiye aliyeyazoa. Lakini mama, unaumwa? Umebadilika rangi."

"Mimi sina rangi ya kulingana na makochi," Elirehema akamjibu, akatoka.

Mlinzi alikuwa Lemomo, mtu mzima, shuka begani na sweta juu yake. Alikuwa anavuta sigara aliyoisokota mwenyewe. Elirehema akaikodolea macho ile sigara. Karatasi yake ilikuwa nyembamba, na kwenye karatasi kulikuwa na maandishi.

"Baba, hiyo sigara umeisokotea nini?"

"Shikamoo kwanza, yeyo," Lemomo akasema kwa upole, maana yeyo kwao ni mama.

"Marahaba. Hiyo sigara!"

"Karatasi za nyimbo. Nyepesi, nzuri sana. Zile za vitabu vingine zinakwaruza koo."

"Umevuta kitabu cha nyimbo za Mungu?"

"Siyo chote. Nimevuta Majilio na Krismasi. Sasa hivi naingia Kwaresima."

"Huogopi?"

"Yeyo, mimi sijabatizwa. Aliyebatizwa ndiye aliyekata kwa msumeno. Hukumwuliza yeye kama anaogopa."

Elirehema alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia, kwa sababu mlinzi alisema kweli.

"Baba yangu, sikiliza. Mbele ya kile kitabu kulikuwa na karatasi isiyo na nyimbo. Imeandikwa kwa mkono. Hiyo nayo umeivuta?"

Lemomo akatikisa kichwa. "Ile nene? Ile haivutiki. Inawaka kama gunia."

"Kwa hiyo uliitupa?"

"Nimeifanya rejesta."

Akanyanyua ubao wake wa getini. Juu yake, chini ya kibanio, kulikuwa na karatasi ya manjano imejaa namba za magari, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Elirehema akaichomoa na kuigeuza.

Wino wa bluu. Mwandiko uliolala kulia, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo.

*Mimi Abdiel, nikiwa na akili zangu timamu. Nyumba hii, migomba na kahawa, asiuze mtu yeyote maadamu mke wangu Aikande yu hai.*

Hakuendelea. Hakuwa na haja ya kuendelea. Akaikunja, akaibusu, akaitia kifuani.

"Irudishe hiyo!"

Brenda alikuwa amewafuata, na sasa hakuwa anacheka.

"Mama, hiyo ni rejesta ya nyumba. Haitoki."

"Ni wosia wa marehemu."

"Upande mmoja. Upande mwingine kuna magari ya wageni. Kuna gari moja hapo..." Akapunguza sauti. "Kuna mtu hapo hatakiwi kujulikana alikuja Jumanne mchana."

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Na alikuja na nani, huyo mtu?"

Brenda akatazama kucha zake.

Eeh! Nawaambieni, Elirehema alihisi anataka kuoga. Vitabu vimekatwa vichwa ili ukuta upendeze, ukuta umependezeshwa ili mume wa mtu apate pa kujifichia mchana kweupe, na mjane anakwenda kulala na kuku.

"Sawa," akasema. "Piga simu polisi. Waambie kuna mama kaiba karatasi. Waje. Waisome pande zote mbili, kwa sauti, mbele ya wageni wako."

Brenda akaitia simu mfukoni.

Lemomo, bila kuambiwa na mtu, akafungua geti.

* * *

Bodaboda ilipoingia Kikwe, Elirehema aliuona moshi kabla hajaiona nyumba. Moshi mzito wa kuni mbichi ulikuwa umelala juu ya migomba. Chini yake wazee kumi na wawili walikuwa wanakohoa na kufuta machozi, sahani mapajani.

Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Bibi Aikande alikuwa anapakua upya.

"Mama Fanuel, inatosha!" Mzee Joel, mkubwa wa ukoo, akalalamika. "Mahindi yako yatatumaliza meno kabla ya ajenda."

"Kula, shemeji. Abdiel hakupenda wageni waondoke na njaa."

Nje ya uzio gari lilikuwa linaunguruma, vioo vimefungwa. Ndani yake mnunuzi anapigwa na kiyoyozi. Fanuel alikuwa amesimama mlangoni na suti, kama bwana harusi anayengoja bibi harusi aliyechelewa.

"Wazee, tumekula," akasema. "Tufunge jambo. Mimi ni kitinda mimba, mila inajulikana."

"Shikamooni, wazee wangu," Elirehema akasema kutoka nyuma.

Fanuel akageuka. Rangi ikamtoka.

"Huyu amefuata nini hapa? Huyu ni muuza makaratasi wa barabarani!"

"Ni kweli," Elirehema akasema. "Na moja nimelirudisha kwa wenyewe."

Akamkabidhi ile karatasi Mchungaji wa kanisa lao, aliyekuwa amekaa karibu na Mzee Joel. Mchungaji akaitazama mara moja tu.

"Huu ni mwandiko wa Abdiel. Ameniandikia mihtasari ya baraza la wazee miaka kumi na mitano. Hata nikiwa usingizini nautambua." Akairudisha. "Moshi umeniziba macho, mama. Soma wewe, usome kwa sauti."

Elirehema akasoma ule mstari wa kwanza na wa pili. Alipofika "asiuze mtu yeyote", wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele. Bibi Aikande akaangusha upawa, akafunika uso kwa mikono miwili.

Mzee Joel akagonga fimbo. "Neno la marehemu limesikika."

Basi Fanuel akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Shetani alinipitia. Nimekubali mbele ya ukoo. Kaa kwenye nyumba yako, hakuna atakayekugusa. Mzee, funga kikao. Mchungaji, tuombe." Akanyoosha mkono kwa Elirehema. "Na wewe mama, Mungu akubariki. Nipe hiyo karatasi niitunze."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema, tazama, damu ni nzito. Ulikuwa wakati wa machozi.

Lakini Elirehema hakulia. Aliutazama ule mkono ulionyooshwa, na jinsi vidole vilivyokuwa vinaiita karatasi kwa haraka. Mtu anayetubu hana haraka. Mwenye haraka ana kitu.

Na akakumbuka aibu yake. Aliuza kitabu bila kukifungua. Alikunja karatasi bila kuimaliza. Mara mbili! Mwanamke anayewatukana wasiosoma kurasa kumi alishindwa kumaliza moja.

"Kuna mistari mingine," akasema.

"Hiyo haina maana!" Fanuel akainuka. "Ni salamu tu."

"Umejuaje?" Mzee Joel akauliza.

Fanuel akatazama gari la mnunuzi.

Bibi Aikande akaondoa mikono usoni. "Soma, mwanangu. Soma yote. Ni maneno ya mume wangu."

Elirehema akasoma.

*Siku Mungu atakapomchukua Aikande, vyote viwe vya Elieshi, binti yetu wa kwanza, tuliyemfukuza katika nyumba hii na mimba yake, kwa sauti ya mama yake na kwa ukimya wangu. Nimempata. Yu hai. Mama yake nitamweleza kwa kinywa changu, Mungu akinipa siku. Shahidi wangu ni Fanuel, naye ametia sahihi hapa.*

Sahihi ilikuwepo, kubwa, na mkia mrefu.

Hata wanaokohoa waliacha kukohoa.

"Elieshi alikufa," Bibi Aikande akasema. Alisema polepole, kama anamfundisha mtoto. "Alikufa Nairobi mwaka wa tatu tangu aondoke. Fanuel ndiye tuliyemtuma amtafute. Akarudi akasema ameoneshwa kaburi. Akatuletea udongo wake umefungwa kwenye leso. Tukauzika udongo ule, pale chini ya mti wa kahawa. Mchungaji aliyemtangulia huyu wetu alikuja akauombea." Akamgeukia mwanawe. "Fanuel. Ule udongo ulichota wapi?"

Fanuel akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Nimeulilia udongo ule miaka kumi na tisa. Ulichota wapi?"

"Namanga," akajibu kwa sauti ndogo. "Pembeni ya barabara. Sikuvuka mpaka."

Mwanamke mmoja akakimbilia nyuma ya migomba, akasikika anatapika. Sidhani kama ilikuwa loshoro.

Elirehema akamtazama Fanuel, akachoka hata kumchukia. Kisha macho yake yakamwendea Bibi Aikande. *Kwa sauti ya mama yake.* Tangu asubuhi amemhangaikia kikongwe huyu, amemwona kama mtakatifu aliyeonewa. Kumbe naye aliwahi kusimama kwenye mlango huu huu, akamfukuza mtoto wake mwenye mimba, akapaza sauti majirani wasikie. Elirehema anaye binti yake, Irine. Angemfukuza kwa sababu ya mimba? Akasogea hatua moja nyuma, bila kupenda.

"Hapa chini kuna namba," Mchungaji akasema, akiwa ameinama juu ya bega lake. "Namba ya simu. Ya huku kwetu, siyo ya Kenya."

"Isipigwe!" Fanuel akafoka.

Mzee Joel akanyoosha fimbo, ikamkaa kifuani. "Wewe tulia hapo hapo. Tutakwambia lini upumue."

Bibi Aikande alikuwa ameshafungua fundo la kitenge kiunoni. Akatoa simu ndogo ya vitufe. "Ni ya marehemu," akasema. "Mimi napokea tu, kupiga sijui. Lakini tangu tumzike haijapata kuita."

Elirehema akabonyeza namba moja baada ya nyingine. Alipomaliza, kioo kikamwonesha jina ambalo mzee Abdiel alikuwa amelihifadhi mwenyewe ili siri isigundulike: *Dawa ya Kahawa*.

Ikaita. Mara moja. Mara mbili. Akaweka sauti ya nje.

"Baba!"

Sauti ya mwanamke mtu mzima, nyuma yake makelele ya sokoni.

"Shikamoo baba! Jamani, miezi mitatu! Fanuel aliniambia wewe mwenyewe umesema nisipige tena, nikasema basi, wamemgeuza na baba. Nimelia, nimenyamaza. Baba? Kwa kuwa umepiga, naomba ruhusa kazini. Jumamosi nakuja na mjukuu wako, kama tulivyopanga. Baba, mbona kimya? Nani anapumua hapo?"

Wazee kumi na wawili walikuwa wameinamisha vichwa. Bibi Aikande alitazama ile simu kama anatazama nyoka. Mwishowe likatoka neno moja.

"Marahaba."

Upande wa pili makelele ya soko yakafifia, mlango ukafungwa. Aliporudi, sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

"Mpe baba simu."

"Elieshi..."

"Nimesema mpe baba simu."

Bibi Aikande akamgeukia Elirehema haraka. Akamsukumia simu.

"Mwambie wewe, mwanangu," akanong'ona. "Wewe unajua maneno. Mwambie kwamba tumemzika. Mimi siwezi."

Elirehema hakuipokea. Alimshika yule bibi mkono, akamfungua vidole, akamrudishia simu yake katikati ya kiganja, akakifumba.

"Yaliyoandikwa nimeyasoma, bibi," akasema. "Hili halijaandikwa. Hili mume wako alilibakiza kwa kinywa, na kinywa kilichobaki ni chako."

"Mama?" sauti ikaita ndani ya ngumi ya Bibi Aikande. "Baba yuko wapi?"